Safari ya ndege na mtoto mchanga

Safari ya ndege na mtoto mchanga ni safari ya anga ambayo mmoja wa abiria wake ni mtoto asiyetimiza umri wa miaka 2. Mashirika ya ndege humweka mtoto huyo katika kundi lake peke yake: hulipiwa nauli ndogo na huruhusiwa kukaa pajani mwa mtu mzima, lakini jina lake huandikwa katika orodha ya abiria kama wengine. Akishatimiza miaka 2 ni lazima awe na kiti chake. Kama anatimiza umri huo katikati ya safari, hukaa pajani wakati wa kwenda na hulipiwa kiti wakati wa kurudi.

Katika Afrika Mashariki familia nyingi hupanda ndege na mtoto kwa mara ya kwanza ili kumpeleka kwa bibi na babu, kwa sababu ya uhamisho wa kazi, au kwa matibabu katika hospitali kubwa ya mjini. Wengine huja kusalimia nyumbani kutoka Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Hofu ya kwanza ya wazazi huwa kilio cha mtoto na macho ya abiria wengine. Lakini kilio hakimdhuru mtoto. Mambo yanayoweza kumdhuru ni machache na yanajulikana: kuruka mapema mno au akiwa mgonjwa, kukosa mkanda ndege inapotikisika, dawa za kumlaza usingizi, maziwa yaliyoharibika, malaria, na gari la kutoka uwanja wa ndege.

Umri wa kuanza kuruka

Hakuna sheria moja ya dunia nzima kuhusu umri. Kila shirika lina kanuni zake. Mengi hukubali mtoto aliyefikisha siku 7. Mengine humpokea mapema zaidi kwa barua ya daktari, na mengine hutaka afikishe siku 14. Sababu ya kusubiri ni kwamba katika siku za mwanzo mapafu na mzunguko wa damu wa mtoto bado vinazoea maisha nje ya tumbo, na magonjwa mengine ya kuzaliwa nayo huonekana katika siku hizo.

Madaktari wengi hushauri kusubiri zaidi kama safari si ya lazima. Katika Tanzania na Kenya mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na tone la kwanza la polio mara baada ya kuzaliwa, kisha chanjo nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto aliyemaliza chanjo za wiki ya 14 huingia katika umati wa uwanja wa ndege akiwa na kinga bora kuliko mtoto wa wiki 3.

Watoto wafuatao wanahitaji kuonwa na daktari kabla ya kukatiwa tiketi:
- waliozaliwa kabla ya wakati (njiti), hasa waliowahi kuwekewa oksijeni;
- wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu;
- wenye selimundu;
- wenye anemia kali;
- wenye homa, kuhara, kifua kinachobana au maumivu ya sikio wakati wa kusafiri.

Kwa mgonjwa, shirika la ndege linaweza kutaka fomu maalumu iliyojazwa na daktari. Jambo hili huwagusa wazazi wanaopeleka watoto wenye matatizo ya moyo kutoka mikoani kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Fomu hiyo inafaa kuombwa siku kadhaa kabla, kwa kuwa abiria mgonjwa asiye na kibali anaweza kuzuiwa mlangoni.

Tiketi na hati

Mtoto wa pajani hulipiwa kwa kawaida karibu 10% ya nauli ya mtu mzima katika safari za kimataifa, pamoja na kodi na ada zinazomhusu. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Mwenye mapacha na hana msaidizi hulazimika kumnunulia mmoja wao kiti na kuja na kiti cha mtoto kilichoidhinishwa. Mtoto anafaa kutajwa siku ile ile tiketi inapokatwa, maana idadi ya watoto wa pajani katika ndege moja ina kikomo.

Kwa safari za ndani mtoto huonyeshewa cheti cha kuzaliwa. Tanzania Bara hati hiyo hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Kwa safari za nje mtoto, hata wa mwezi mmoja, anahitaji hati yake mwenyewe. Zamani jina lake liliweza kuandikwa katika pasipoti ya mama au baba. Leo kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) ni mtu mmoja, pasipoti moja.

Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake anashauriwa kubeba barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na wakili, na kama mwenzake amefariki, cheti cha kifo. Maofisa wa uhamiaji wa nchi nyingi huuliza barua hiyo ili kuzuia wizi wa watoto, na umuhimu wake huongezeka mtoto anapokuwa na jina la ukoo tofauti na la mzazi aliye naye.

Pajani au kitini

Hili ndilo jambo lenye mjadala mrefu kuliko yote. Abiria wote hufunga mkanda, mizigo hufungiwa kabatini na hata birika la chai huwekwa mahali pake ndege ikipaa na kutua. Mtoto wa pajani peke yake ndiye anayeweza kubaki bila kifungo chochote isipokuwa mikono ya mzazi.

Mikono hiyo ina kikomo. Ndege ikikwama au ikishuka ghafla, mtoto wa kilo 10 anaweza kuvuta kama mzigo wa kilo 30 au zaidi kwa nukta chache. Hakuna mtu aliyeketi anayeweza kushika mzigo wa namna hiyo, hata awe na nguvu na upendo kiasi gani.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilikuwa ikitoka Denver kwenda Chicago nchini Marekani, injini yake ya mkiani ilipopasuka na kuharibu mifumo ya kuiongoza. Ilianguka ikijaribu kutua Sioux City, jimbo la Iowa. Kati ya watu 296 waliokuwemo, 112 walifariki. Ndani yake walikuwemo watoto 4 wa pajani. Kwa utaratibu wa wakati ule, wazazi waliagizwa kuwalaza sakafuni na kuwashikilia. Walishindwa kuwashikilia, na mtoto mmoja alifariki. Mkuu wa wahudumu wa ndege hiyo, Jan Brown, aliyenusurika, alitumia miaka mingi baadaye kudai kwamba kila mtoto awe na kiti na kifungo chake.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani (NTSB) ilipendekeza jambo hilo mwaka 1990. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo (FAA) ilikataa kulifanya sheria, na ilirudia msimamo huo mwaka 2005. Hoja yake ilikuwa kwamba wazazi wakilazimishwa kulipia kiti kizima, wengi wataacha ndege na kusafiri kwa gari, na barabarani watakufa watoto wengi kuliko wale ambao viti vingewaokoa. Hata hivyo FAA yenyewe huwaambia wazazi kwamba mahali salama zaidi kwa mtoto ndani ya ndege ni katika kiti cha mtoto kilichoidhinishwa.

Barani Ulaya mtoto wa pajani hufungwa kwa mkanda wa ziada wenye kitanzi, unaopitishwa katika mkanda wa mzazi. Mkanda huo humzuia mtoto asirushwe, lakini mzazi akiinama kwa nguvu humbana mtoto kati ya mwili wake na kiti cha mbele. Kwa sababu hiyo Marekani hairuhusu kuutumia wakati wa kupaa na kutua. Abiria anayebadilisha ndege njiani anaweza kupewa mkanda huo katika ndege ya kwanza na kukatazwa katika ya pili. Kila mara hufuata maagizo ya mhudumu.

Kwa mzazi wa Afrika Mashariki uamuzi unaweza kupangwa hivi:
1. Mwenye uwezo amnunulie mtoto kiti, na aje na kiti cha gari cha mtoto chenye chapa ya kuruhusiwa ndani ya ndege. Hufungwa upande wa dirishani ili kisizuie wengine kutoka, na kamwe si katika safu ya mlango wa dharura.
2. Asiye na uwezo ampakate. Hatari ya ajali ya ndege ni ndogo sana, na ndege yenye mtoto wa pajani bado ni salama kuliko safari ndefu ya usiku kwa barabara.
3. Katika hali zote mbili, taa ya mkanda ikiwaka mtoto asiachwe kitandani, sakafuni wala akisimama juu ya kiti. Mtikisiko wa hewa hutokea mara nyingi kuliko ajali, na huja bila hodi.

Ndege kubwa za safari ndefu huwa na vitanda vidogo vinavyopachikwa ukutani mbele ya safu ya kwanza. Vinabeba watoto wasiozidi kilo 10 hivi, na huombwa mapema. Havitumiki wakati wa kupaa na kutua, na taa ya mkanda ikiwaka mtoto hutolewa na kupakatwa.

Mbeleko humsaidia mzazi uwanjani, kwa kuwa humwachia mikono miwili ya kushika mizigo na hati. Ndani ya ndege mtoto hatakiwi kuwa mgongoni mzazi akiwa ameketi, maana mgongo wa mzazi unaweza kumbana. Vilevile mkanda wa mzazi haupitishwi juu ya mtoto. Mzazi hufunga wake kwanza, kisha humpakata mtoto.

Barakoa za oksijeni zikishuka, mzazi huvaa yake kwanza, kisha humvalisha mtoto. Jambo hili huonekana kama ukatili kwa asiyejua sababu. Sababu ni kwamba hewa ikipungua juu sana mtu hupoteza fahamu kwa muda mfupi, na mzazi aliyezimia hawezi kumsaidia mtoto. Barakoa za akiba katika kila safu ni chache, na ndiyo maana wahudumu humhamisha mzazi akikaa safu moja na mtoto mwingine wa pajani.

Hewa na masikio

Ndege kubwa huruka mita 10,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari, lakini hewa ya ndani husindikwa hadi ilingane na ile ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa kulinganisha, Nairobi iko karibu mita 1,700 na Eldoret karibu mita 2,100. Mtoto mwenye afya anayekwenda angani kwa ndege ya namna hiyo anapumua hewa kama ya watoto wa Eldoret. Ndiyo maana mtoto mzima wa afya hapati shida, na mwenye mapafu dhaifu anaweza kuipata.

Ndege ndogo za injini moja, kama Cessna Caravan zinazokwenda mbugani na visiwani, hazisindiki hewa. Safari fupi ya Dar es Salaam hadi Zanzibar huruka chini na haileti tatizo. Panapohitajika kuvuka nyanda za juu, mzazi wa mtoto mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo amwulize daktari kwanza.

Maumivu ya masikio hutokea hasa ndege inaposhuka. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba cha hewa kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Hewa ya ndani ya ndege inapoongezeka, ile ya nyuma ya kiwambo inahitaji kuingia kwa mrija huo ili kusawazisha. Mtu mzima humeza mate au hupiga mwayo. Mrija wa mtoto ni mfupi na mwembamba zaidi, naye hajui kumeza kwa makusudi.

Dawa yake ni kunyonya. Mama humpa ziwa au chupa ndege inapoanza kushuka, yaani karibu nusu saa kabla ya kutua, wala hangoji mpaka magurudumu yakaribie ardhi. Kwa hiyo inafaa kumpunguzia kabla ya hapo, ili awe na hamu. Aliyelala fofofo humeza mara chache, hivyo akianza kuhangaika aamshwe na kunyonyeshwa. Mtoto akikataa na kulia, kilio chenyewe husaidia kufungua mrija.

Dawa za kumlaza

Wazazi wengine humpa mtoto dawa ya mafua au mzio yenye kuleta usingizi ili safari iwe tulivu. Hili ni kosa la hatari. Promethazini imekatazwa kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kufifisha upumuaji hadi kifo. Dawa nyingine za jamii hiyo zinaweza pia kumfanya mtoto ahangaike badala ya kulala. Ndani ya ndege hakuna wa kumfikisha hospitali kwa dakika 10. Mtoto mwenye afya hahitaji dawa yoyote ili kuruka.

Chakula na mizigo

Maziwa ya mama ndiyo chakula rahisi kuliko vyote safarini: hayahitaji moto, chupa wala kupoozwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, hivyo mama anayenyonyesha anywe maji ya kutosha. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji, anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Anayetumia maziwa ya kopo huchanganya unga kwa maji yaliyochemka na kubaki na joto lisilopungua nyuzi 70, huyapooza, na huyatumia ndani ya saa 2. Kilichobaki humwagwa. Njia nyepesi ni kubeba unga uliopimwa katika vikopo vikavu na maji ya moto katika chupa ya chai. Maji ya bomba la ndege hayafai kwa kazi hiyo. Aliyezidi miezi 6 anaweza kula ndizi mbivu au parachichi, ambazo huja na ganda lake. Uji wa lishe huchacha upesi kwenye joto.

Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vimezuia abiria kupita na vimiminika vya zaidi ya mililita 100 katika begi la mkononi. Maziwa na chakula cha mtoto kwa kawaida huruhusiwa kwa kiasi kinachotosha safari, lakini hutolewa nje ya begi na kukaguliwa. Mtoto mwenyewe hutolewa katika kigari, na kigari hupita kwenye mashine.

Begi la mkononi linatosha likiwa na:
- nepi moja kwa kila saa 2, na za akiba tatu au nne;
- nguo mbili za mtoto na blauzi au shati moja la mzazi;
- kanga mbili, za kufunika, kutandika na kujisitiri wakati wa kunyonyesha;
- mfuko wa plastiki unaofungika kwa nepi chafu, pale unaporuhusiwa;
- dawa za mtoto zikiwa na maandishi ya hospitali;
- kadi ya kliniki, ambayo ni historia yote ya afya yake.

Chanjo na malaria

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9 na haitolewi kabisa kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Cheti chake huanza kukubaliwa siku 10 baada ya chanjo. Surua huenea kwa hewa, na chanjo yake ya kwanza katika Tanzania na Kenya hutolewa katika miezi 9. Mtoto anayepelekwa kwenye mlipuko wa surua anaweza kupewa dozi ya ziada kuanzia miezi 6.

Malaria ni hatari zaidi kwa mtoto aliyezaliwa Ulaya au Amerika na kuletwa kusalimia ukoo, maana hana kinga yoyote. Wazazi waliokulia pwani husahau hilo kwa kuwa wao waliizoea. Mtoto huyo apewe dawa ya kinga iliyopimwa kwa uzito wake, alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Hata baada ya kurudi kwao, daktari aambiwe mtoto alikuwa Afrika.

Kufika mjini: mfano wa Mwanza na Dar es Salaam

Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na basi huchukua siku nzima au zaidi. Ndege huchukua karibu saa moja na nusu. Familia ikishuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hubakiwa na kilomita 12 hivi za Barabara ya Nyerere kufika katikati ya jiji, na hapo ndipo sehemu yenye hatari kubwa zaidi ya safari yote huanza.

Teksi nyingi hazina kiti cha mtoto. Mwenye kiti alichokitumia ndani ya ndege anakifunga kiti cha nyuma cha gari. Asiye nacho akae nyuma na mtoto, kamwe si mbele ya mfuko wa hewa, afunge mkanda wake bila kumzungushia mtoto, na amwombe dereva aende polepole. Bodaboda na bajaji haziwafai watoto wachanga. Anayekuja kuwapokea wageni angefanya jema zaidi kuazima kiti cha mtoto kuliko kununua zawadi.

Badiliko la pili ni joto. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar es Salaam hupita nyuzi 30 na hewa huwa na unyevu mwingi. Mtoto aliyevalishwa sweta na kofia ya sufi kwa ajili ya ubaridi wa ndege avuliwe mara anapotoka nje. Mkojo mchache wa rangi nzito, midomo mikavu na utosi uliobonyea ni dalili za kupungukiwa maji, na huhitaji kituo cha afya.

Siku ya kwanza mtoto hupumzika. Wageni ni wengi na kila mmoja hutaka kumbeba, lakini mwenye mafua au kikohozi anaweza kumsalimia kwa mbali bila kuvunja heshima. Baada ya hapo matembezi hufaa asubuhi kabla ya saa 4 au jioni baada ya saa 10, jua linapopungua: ufukwe wa Coco, Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama, au bustani ya Makumbusho ya Taifa. Safari moja kwa siku inatosha, kwani mtoto wa miezi 5 haoni jiji. Anaona uso wa anayembeba.